Safari za kutwa visiwani: Mkulima naye apande chomboni

SAA tatu asubuhi pwani ya Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja, wageni wanavua viatu na kuingia majini kuyafuata madau yanayowasubiri. Mbele yao wametangulia vijana watatu, kila mmoja na kreti lake kichwani. La kwanza lina mananasi, la pili matikiti maji, la tatu nyanya, vitunguu na ndimu. Mwandishi wa safu hii alikuwa miongoni mwa wageni siku hiyo, kalipa nauli yake kama wengine, na pengine ndiye peke yake aliyekuwa akiyatazama makreti badala ya bahari.

Kwa msomaji wetu wa Njombe au Singida ambaye hajawahi kuiona biashara hii, tueleze kidogo. Mgeni hulipa mara moja, asubuhi, na malipo hayo hubeba kila kitu: chombo, nahodha, mwongozaji, miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, matunda, chakula cha mchana na kurudishwa jioni. Kutwa nzima huisha ndani ya Ghuba ya Menai, eneo la bahari lenye ukubwa wa kilometa za mraba 470 ambalo lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1997. Humo mna visiwa vidogo vya Kwale, Pungume, Nyamembe na vinginevyo, mafungu ya mchanga yanayojitokeza maji yakitoka, na miamba ya matumbawe ambayo ndiyo hasa mgeni aliyoifuata kutoka kwao.

Ratiba haipangwi na saa ya ofisini. Inapangwa na mwezi. Siku za bamvuo, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hutoka sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kujaa alasiri. Basi wageni hupelekwa kwanza kwenye fungu la mchanga, na hori ya mikoko pale Kwale huachiwa mchana maji yanaporudi. Siku za maji mafu mambo hubadilika. Nahodha aliyetuchukua hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Aliangalia mstari wa unyevu kwenye jabali, akasema tutafika fungu likiwa wazi, na tulifika likiwa wazi.

Tunalitaja hili kwa sababu lina uzito wake kibiashara. Maji yale yale yanayotoka saa nne na kumpa mgeni fungu la kupigia picha, ndiyo yanayompa mama wa kijijini nafasi ya kwenda kwenye mwani wake au kutafuta pweza. Wawili hawa hukutana sehemu moja, saa moja, kila mmoja akiwa kazini au mapumzikoni. Chombo kikipita ovyo juu ya shamba la mwani, kamba hukatika na mavuno ya wiki sita hupotea. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, wakulima wengi ni wanawake, na bei yake haijawahi kuwa ya kumtajirisha mtu. Kumkatia mama kamba zake ili mgeni asichelewe kwenye chakula ni wizi, hata kama hakuna aliyeutia mkono mfukoni.

Baada ya fungu tulikwenda kwenye mwamba. Mwongozaji wetu, kijana wa kijiji cha jirani, alitukusanya pembeni mwa dau na kutoa maelekezo kama mwalimu wa darasa la kwanza: tema mate ndani ya kioo ukisuuze kisipate ukungu, uma mrija kwa meno, pumua polepole kwa kinywa, laza mwili juu ya maji. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kujiokolea na aseme mapema, hakuna aibu. Kisha akasema jambo ambalo tungependa kila mwongozaji alisema kila siku: “Wageni wangu, chini kuna viumbe hai. Msisimame juu yao. Mkichoka shikeni boya au nishikeni mimi.”

Ukiinamisha uso majini, unaelewa kwa nini watu wanavuka mabara kwa ajili ya hili. Kitatange wenye milia wanapita wawili wawili, pono anaguguna mwamba na sauti yake unaisikia kabisa, kiti cha pweza chekundu kimelala kwenye mchanga. Mawe yale ya mviringo unayoyaona ukubwa wa meza hukua kama sentimeta moja tu kwa mwaka. Jiwe la upana wa mita moja lina umri wa miaka kadhaa ya makumi. Lilianza kabla mgeni aliye juu yake hajazaliwa.

Ndipo tulipoona jambo la kusikitisha. Mita chache kutoka kwetu, chombo kingine, ambacho hatutakitaja, kilifika na nahodha wake akatupa nanga. Tulikuwa na miwani usoni, kwa hiyo tuliiona ikishuka, ikatua juu ya matumbawe yenye matawi, ikaburutwa na kuvunja njia ya upana wa mlango. Hakuna aliyepiga kelele. Wageni wa chombo kile waliruka majini wakicheka, na wawili kati yao wakasimama juu ya mwamba kurekebisha mapezi yao.

Mkulima anayesoma hapa anaijua hali hii. Ni sawa na mfugaji anayechinja ng’ombe wa maziwa kwa sababu leo ana wageni. Mwamba ndio ng’ombe. Ukishakufa, samaki wanahama, mgeni anapelekwa kwingine, na mvuvi aliyekuwa akipata riziki pembeni yake anabaki na wavu mtupu. Na mwamba huu tayari una matatizo ambayo nahodha wa Fumba hana uwezo nayo: joto la bahari liliubabua mwaka 1998 katika ukanda wote wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, likarudi 2016, likarudi tena 2024. Mwenye maradhi hapigwi.

Dawa ya nanga inajulikana na si ghali. Ni maboya ya kudumu yaliyofungwa kwenye uzito chini ya bahari, chombo kinafika kinajifunga pale, nanga inabaki ndani. Palipo na maboya yatunzwe, pasipokuwapo yawekwe, na fedha ya kuyaweka isitafutwe kwa wafadhili wakati kila mgeni anayeingia hifadhini analipa kiingilio.

Wanaodhani kwamba kulinda mwamba ni kumnyima mvuvi chakula waende Chumbe, kisiwa kidogo kilicho kaskazini ya hapo, upande wa Chukwani. Mwamba wa magharibi mwa kisiwa hicho ulifungwa kwa uvuvi mwaka 1994, ukakabidhiwa kwa kampuni binafsi ya hifadhi, na walioajiriwa kuulinda walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Siyo askari wenye bunduki, watu waliowajua wenzao kwa majina na wanaoweza kumwambia mtu, “Shehe, hapa sipo.” Wageni wa kutwa huchukuliwa wachache, huongozwa majini kwa makundi madogo, kisha hupanda mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Kutoka juu ya mnara huo unauona mpaka wa rangi majini: kijani juu ya mwamba, buluu nzito kwenye mkondo. Samaki hawaujui mpaka huo. Wanazaliana ndani na kutoka nje, na mvuvi anawangoja nje.

Hata pweza, ambaye ndiye kipato cha haraka cha akina mama wengi wa pwani, ameonyesha jambo hilo hilo. Anakua upesi mno. Kule Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wenyewe walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, kisha kuifungua siku moja kwa wote, na pweza waliotoka walikuwa wakubwa kuliko wale wa kuokota kila siku. Mtu mwenye hoteli au chombo cha wageni angependa kununua pweza wa namna hiyo, tena kwa siku inayojulikana. Ni nadra kumsikia akiulizwa.

Saa saba tulipanda Kwale. Kabla ya kula, mwongozaji alitupeleka kupitia kichaka hadi kwenye mbuyu mkubwa ulioanguka zamani na kuendelea kuishi ukiwa umelala, watoto wa wageni wanaupanda kama ngazi. Kisha akatusimamisha juu ya jabali lililoliwa na mawimbi chini yake. Kutoka pale unaona ghuba nzima: matanga meupe, mstari mweusi wa mikoko upande wa Uzi, na Fumba yenyewe ambako mabati mapya yanameta kwa sababu mji unasogea. Tulikaa pale zaidi ya ilivyopangwa. Mwandishi hana aibu kukiri kwamba kwa robo saa aliyasahau makreti.

Aliyakumbuka chini ya kibanda cha makuti, chakula kilipowekwa. Samaki wa kuchoma, ngisi, kamba koche waliopasuliwa katikati, wali wa nazi, mchuzi wa ukwaju, kachumbari. Baadaye nanasi, tikiti, papai, madafu. Tulimfuata fundi mpishi jikoni, mzee wa makamo aliyekuwa akipepea makaa, tukamuuliza kila kitu kimetoka wapi. Samaki: hapa hapa, nimenunua alfajiri. Nazi: shamba, Unguja. Mananasi: soko la mjini. Nyanya na vitunguu?

“Bara, mwanangu. Hizi nyanya nimeambiwa za Lushoto.”

Tukamuuliza kwani Unguja hakuna nyanya. Akacheka. “Zipo. Lakini leo zipo, kesho hazipo. Mimi wageni ninao leo na kesho.”

Katika maneno hayo machache kuna somo ambalo semina nyingi za wajasiriamali hulizunguka bila kulifikia. Fumba ni nchi ya maweni. Huwezi kulima nyanya juu ya jabali. Lakini Unguja ina ardhi nzuri kaskazini magharibi, na Bara ina Lushoto, Muheza, Bagamoyo na Kibaha. Tatizo la mpishi si bei wala ubora. Ni kwamba hajui kesho yake. Anamnunulia dalali mjini kwa bei ya juu kwa sababu dalali huwa na mzigo kila siku, wakati mkulima huja na matenga kumi Jumatatu, akipotea hadi mwezi ujao.

Tufanye hesabu ya mfano, na msomaji abadilishe tarakimu kulingana na anachokijua. Chukua madau kumi yanayotoka siku moja, kila moja na wageni 20. Kila mgeni anakunywa dafu moja: hayo ni madafu 200 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni madafu 5,000 kwa mwezi. Tuondoe miezi ya masika na mingine ambayo wageni ni haba, tubaki na minane. Tunapata madafu 40,000. Mnazi wetu mrefu, ukitunzwa vizuri, tuseme unatoa nazi 50 kwa mwaka. Basi hayo madau kumi peke yake yanahitaji minazi 800, tena bila kuhesabu nazi za kukunia wali na mchuzi. Weka nanasi moja kwa kila wageni wawili: 100 kwa siku, 2,500 kwa mwezi. Hapo hatujagusa ndimu, pilipili, tangawizi, mayai, mchele wala mkaa.

Soko hili haliko Ulaya. Halihitaji cheti cha kusafirisha mazao nje. Mlaji amejileta mwenyewe, amekaa kwenye mkeka, na anasubiri tunda. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji aliyesimama mbali na jiko ataponaje?

Anachotakiwa kufanya mkulima si muujiza. Mtu mmoja hawezi kuleta nyanya kila siku kwa miezi minane, lakini watu 12 wanaopanda kwa zamu, kila wiki mbili kitalu kipya, wanaweza. Wakubaliane na mwenye chombo bei ya msimu mzima, isiyopanda kwa tamaa wakati wa uhaba wala kuporomoka wakati wa wingi. Wachague: zilizopondeka ziende sokoni, zilizoiva sawasawa ziende Fumba. Na wampate mmoja wao mwenye simu isiyozimwa, maana mpishi akipiga saa mbili usiku kusema wageni wameongezeka, ndiye atakayemjibu atakayeuza. Usafiri ndio mgumu. Anayetoka Bara ana boti, kuli na muda wa kungoja bandarini wa kuhesabu, na kwa nyanya kila saa ya jua ni hasara. Ndiyo maana tungependa kuona wakulima wa Unguja wakiwa wa kwanza kulichukua soko hili, na wa Bara wakileta yale yanayostahimili safari: vitunguu, viazi, tangawizi, mchele.

Wenye vyombo nao wana deni. Wafanyabiashara wadogo wanaopeleka bidhaa kwenye hoteli na safari hizi hulalamika kwamba mgeni hulipa asubuhi lakini wao hulipwa baada ya mwezi, wakati mwingine miwili. Mama anayeuza matunda kwa mtaji wa siku hawezi kukopesha kampuni. Atalazimika kumwachia dalali, na kesho yake mwenye chombo atasema wenyeji hawaaminiki.

Kuhusu Serikali na kamati za vijiji, tunauliza swali moja tu. Kiingilio cha hifadhi kinakusanywa, na sehemu yake imekusudiwa vijiji vinavyoizunguka ghuba. Kwa nini hesabu hizo zisibandikwe kila robo mwaka kwenye ubao wa ofisi ya sheha, kwa tarakimu kubwa, zimeingia ngapi, zimekwenda wapi? Mvuvi anayeambiwa asitumie nyavu za macho madogo kwa ajili ya faida ya wote ana haki ya kuiona hiyo faida ikiwa imeandikwa. Akiona kisima na madawati, atakuwa mlinzi bila mshahara. Akiona kimya, usiku ataingia majini.

Wachuuzi wa ufukweni tuwaambie ukweli pia. Tuliporudi jioni tuliuziwa makombe na kauri zilizong’arishwa, pamoja na viti vya pweza vilivyokaushwa. Biashara hii inakula mwamba ule ule kwa upande mwingine, na wageni wengi siku hizi hawanunui; wengine huzuiwa nazo uwanja wa ndege. Pembeni yake, mama mmoja alikuwa na ubuyu, karafuu, mdalasini na sabuni ya mwani ya namna ile wanayotengeneza wanawake wa Paje. Meza yake ilikuwa ndogo kuliko zote na ndiyo iliyokuwa na watu.

Liko jambo jingine ambalo mwaka 2020 ulilifunua. Ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, madau yalilala ufukweni na wapishi wakarudi kuvua. Mtanzania hakuonekana, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkaribisha. Bei iliandikwa kwa dola, tangazo liliandikwa kwa lugha za wenzetu. Lakini hapa Dar es Salaam watu wanakwenda Mbudya na Bongoyo siku za sikukuu, wakanunua samaki wa kuchoma na viazi, wakarudi jioni na watoto wao wamechoka kwa furaha. Hivyo ni visiwa vya hifadhi tangu mwaka 1975. Kikundi cha vicoba cha watu 20 kikichanga kidogo kidogo mwaka mzima kinajaza dau zima la Fumba, hasa katika miezi ambayo mgeni wa mbali hayupo. Mwenye chombo akiweka bei ya mwenyeji kwa miezi hiyo, nahodha wake hatalala njaa, na mkulima wa nyanya hatakuwa na pengo katikati ya mwaka.

Tena kuna faida isiyoandikwa kwenye daftari. Mkulima wa milimani akiweka uso wake majini mara moja, akamwona pono akila, hatamuuliza tena mvuvi kwa nini anakatazwa baruti na kokoro.

Jioni, tanga likiwa limejaa upepo, tulikaa karibu na fundi mpishi aliyekuwa akiosha masufuria. Makreti matatu yalikuwa tupu miguuni pake. Aliposikia tunaandika gazetini kwenye kurasa za wakulima, aliweka sufuria chini akatuagiza: anatafuta mtu wa ndimu. Ndogo, zenye maji, zisizopungua 60 kwa siku, kila siku, kuanzia Juni hadi Oktoba, na atalipa zikifika. Alisema amemwuliza kila mtu anayemjua, na wote wamemwambia watamletea wiki ijayo.